Sungura akae wapi? Kakae wewe hapo kwanza, saa nane mchana

Tangu majirani wajue kwetu kuna sungura swali nimeulizwa sana, na linakuja hivo hivo kila mara: afugwe ndani au nje? Zamani nilikuwa najibu fasta, nje bana, mnyama akae nje, uani nafasi ipo, ndani ataleta harufu. Siku hizi sijibu hivo tena. Swali lenyewe ndo limekaa vibaya, maana ndani sio sehemu moja na nje sio sehemu moja, nyumba moja tu ya hapa Tanga ina hali ya hewa kama tano tofauti, korido ina yake, jikoni kuna yake, chini ya mabati uani kuna yake, na huko uani kwenyewe Julai na Januari ni nchi mbili. Kwahiyo mtu akiniuliza na mimi namuuliza: hapo unapotaka kumweka, saa nane mchana pakoje? Na saa tisa usiku, watu wote wamelala, pakoje? Akishanijibu hayo mawili bila kujidanganya, yaliyobaki ni mbao na misumari.

Nianze na hiyo saa nane mchana maana huku pwani joto ndo linatuulia sungura, tena kimya kimya, mtu anarudi kazini anakuta mnyama kalala ubavu anadhani kapewa sumu.

Huyu sungura wa kufuga sio yule wa kwenye hadithi. Yule wa hadithi, mjanja anayemchezea fisi, ni wa porini kwetu huku, hana habari ya kuchimba shimo, analala tu kwenye majani mchana. Kiswahili tumewaita wote sungura lakini huyu mweupe au wa madoadoa tunayemnunua sokoni ukoo wake umetoka Hispania na Ureno, na ukoo wake wote ni wachimbaji. Alfajiri na jioni wanatoka kula, jua likipanda wanarudi chini ya ardhi ambako udongo umepoa. Ndo maana mwili wake haukuwahi kuhitaji ufundi mwingi wa kupambana na joto, hatoi jasho, hawezi kuhema ulimi nje kama mbwa akapoa, tegemeo lake kubwa ni masikio, yale masikio marefu yana mishipa ya damu imetandaa karibu kabisa na ngozi, upepo ukipita damu inapoa inarudi mwilini. Sasa fikiria, hewa yenyewe ikiwa ya moto hayo masikio yanapoza nini? Yeye anakuwa sawa kwenye nyuzi 15 mpaka 20 hivi, ikipita 30 ashaingia kwenye hatari, na sisi hapa Januari mpaka Machi nyuzi 32 mchana ni jambo la kawaida tu, na unyevu wa bahari juu yake. Hizo 32 ni za kivulini. Chini ya bati usiulize.

Wa kwanza nilimuua mimi, nasema hivo kwa sababu ndo ukweli. Ilikuwa Julai, binti yangu kapewa sungura na mjomba wake, nikamwita fundi tukawa tunazunguka uani tunatafuta kivuli. Ukuta wa upande wa kusi ulikuwa na kivuli kizuri mchana kutwa, na upepo unapita. "Kaka, hapa ndo penyewe," fundi akasema, na mimi nikaona kweli ndo penyewe, banda likajengwa, zuri tu, lina miguu, lina mlango na komeo. Agosti poa, Septemba poa. Ila nilichosahau, na nilifundishwa shuleni kabisa, ni kwamba jua linahama. Tanga tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwahiyo katikati ya mwaka jua la mchana linapita upande wa kaskazini wa nyumba na kivuli kinadondokea kusini. Mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini, baada ya hapo linahamia kusini na linakaa huko mpaka Machi mwanzoni linaporudi tena utosini. Yani ule ukuta wangu wenye kivuli, Januari unapigwa na jua lote, na Januari ndo kaskazi yenyewe, joto. Siku hiyo nyumbani hakukuwa na mtu, nimerudi saa kumi nikamkuta kajinyoosha, masikio ukiyashika ya moto kama kikombe cha chai, anapumua harakaharaka mpaka kichwa kinatikisika, mdomo umelowa. Nikafanya kosa la pili nikamtumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi. Hakufika magharibi.

Ukikuta hali hiyo usifanye kama mimi. Mtoe hapo mpeleke penye hewa na sakafu ya baridi, lowesha kitambaa kwa maji ya kawaida ya bombani umpake masikioni na miguuni, maji ya barafu hapana maana unampa mshtuko na ile mishipa ya masikio inajibana wakati unaitaka ifunguke, mwekee maji karibu lakini usimlazimishe kunywa, na ukiwa unafanya hayo mtu mwingine awe anampigia daktari wa mifugo.

Sasa kuhusu kujua kama mahali panafaa, mi nasema chukua kigoda. Kweli kabisa, chukua kigoda saa nane mchana kakae pale unapotaka kuweka banda robo saa nzima bila simu, kaa chini kabisa sio kusimama, maana yeye anaishi chini, mguu uwe peku ujue sakafu ikoje. Ukianza kujipepea na kanga, pameshindwa. Kama una kipimajoto cha ukutani ni vizuri zaidi, kitundike kwa urefu wa magoti sio juu. Na rudia kwenye miezi tofauti au angalau jiulize jua litakuwa wapi miezi sita kuanzia leo. Ukuta unaotazama magharibi mi naukataa mwaka mzima, hata kama banda lina paa, zile tofali za saruji zinakunywa jua la alasiri halafu zinatema joto mpaka watu wanatoka kusali Isha. Upande wa mashariki ni afadhali, jua la asubuhi halina ubaya sana na mchana nyumba yenyewe inakukingia.

Paa nalo. Bati tupu linakuwa kikaango. Makuti yanapoza kweli, babu zetu hawakuwa wajinga, shida ya makuti ni wapangaji wake: panya, tandu, nyoka anayefuata panya, na kanu, yule mnyama wa usiku anayefanana na paka. Mi nimefanya mchanganyiko, bati juu halafu chini yake nafasi kama shubiri mbili hewa ipite, halafu dari ya mbao nyembamba. Kivuli cha mti ni kizuri kuliko vyote kama una mwembe au mwarobaini, chini ya mnazi usithubutu, sio nazi tu, hata kuti kavu likidondoka juu ya banda usiku sungura anaweza kufa kwa woga kabla hujatoka kitandani. Sitanii, ni mnyama anayekufa kwa mshtuko. Wengine wanatundika gunia la katani lililoloweshwa ubavuni mwa banda, linasaidia upepo ukiwepo, siku ambayo hewa imesimama na unyevu uko juu maji hayakauki na kama hayakauki hayapozi kitu, umeongeza unyevunyevu tu. Chupa ya maji iliyogandishwa kwenye friza, ukaivingirisha kitambaa ukamlazia pembeni, hiyo inafanya kazi popote, umeme ukiwepo.

Kwa sababu ya hayo yote mi mchana wa kaskazi naamini ndani. Lakini ndani wapi?

Nyumba zetu za Kiswahili zina ile korido ya katikati, mlango wa mbele huku, mlango wa uani kule, vyumba pande mbili. Ile korido ndo mahali pa baridi kuliko pote, jua haliifikii, upepo unapita kama bomba, sakafu ya saruji au tailizi. Ukiangalia utakuta hata paka analala hapo, na paka hajawahi kukosea. Tatizo la korido ni njia, kila mtu anapita, baiskeli inapita, watoto wanakimbia, na kila anayepita anataka kumshika. Mnyama ambaye porini kila kitu kinamla hawezi kutulia katikati ya njia. Kwahiyo unampa kona, mgongo wake uwe ukutani pande mbili, na ndani ya kizimba chake unamwekea boksi lenye mlango mdogo aingie ajifiche, giza, limbane kidogo, hilo ndo shimo lake. Boksi la maji ya chupa linatosha, akilitafuna unampa jingine.

Jikoni hapana, na sitaki ubishi, hasa kama mnapikia mkaa, moshi wa mkaa unajaa humo ndani hewa isipopita na mapafu yake ni madogo. Sebuleni inawezekana kama TV yenu haipigi kelele mpaka saa sita, na kama uko tayari kwa habari ya nyaya. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote, yale ya mbele yanaweza kuota kama sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, kwahiyo lazima agugune kitu, na kwa sababu nisiyoielewa mpaka leo kitu anachokipenda kuliko vyote ni waya wa chaja. Anaukata mara moja tu, safi, kama kwa mkasi. Huyu wa sasa keshakata chaja tatu na kebo ya king'amuzi siku ya mechi. Sehemu yoyote atakayofunguliwa nyaya zipande juu au zipitishwe kwenye bomba la plastiki, maana chaja ni hasara ndogo, waya wa ekstensheni wenye umeme ni msiba. Chumbani kwa mtoto mimi nilikataa, huyu kiumbe anachangamka magharibi na alfajiri, saa kumi na moja usiku anaanza kupiga mguu chini puu puu na kuburuta bakuli, mtoto halali.

Halafu kuna suala ambalo ukisoma maelezo ya wazungu hulikuti. Siku ya kwanza nimemwingiza ndani mama yangu alisimama mlangoni kwake na msala mkononi, akaniangalia. "We mwanangu, huyu akikojoa hapa mie nasali wapi?" Na ana haki. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mkojo wa mnyama na kinyesi chake ni najisi, hata kama nyama yake inaliwa, kwahiyo huwezi ukamwachia sungura atembee nyumba nzima kwenye mikeka ukasema atazoea. Bahati nzuri sungura ana tabia moja nzuri sana, anachagua kona yake. Usimlazimishe wewe, mwache siku mbili tatu kwenye kizimba, utaona anakojoa kona ileile, basi hapo unaweka trei, chini magazeti, juu maranda ya mbao, na pembeni ya trei unamwekea majani yake makavu maana anapenda kula huku anajisaidia, usiniulize. Vile vidonge vidogo vigumu vya kinyesi vitadondoka hapa na pale lakini mkojo utabaki kwenye trei, na akishazoea trei ndo unaanza kumfungulia eneo kidogo kidogo. Makubaliano na mama ni kwamba mlango wa chumba chake hauvukwi na mikeka inakunjwa inawekwa juu. Juu kwa maana ya juu, ukindu nao anakula. Ile ganda nyeupe ya mkojo inayokauka kwenye trei ni chokaa, mkojo wake una chokaa nyingi, maji na sabuni hayaitoi, mwagia siki iache nusu saa inatoka yenyewe. Na ukiona mkojo wa rangi ya machungwa au mwekundu mwekundu usipige kelele, mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula, ila ukiona damu yenyewe au anajikamua hakojoi, huyo wa daktari.

Harufu inayolalamikiwa kwa kweli sio ya sungura, ni ya mkojo uliokaa, ule ukali unaochoma macho ni amonia, na kabla haujafika puani kwako uliyesimama yeye aliye chini ameshaivuta usiku kucha. Inachubua njia ya hewa, anaanza chafya, makamasi, mwisho mapafu. Kwahiyo inama, weka pua yako pale kwenye banda asubuhi. Ukiguna, trei imechelewa kubadilishwa, au banda limezibwa mno. Watu wengi kipindi cha masika wanafunika banda na turubai pande zote kumwonea huruma na mvua, wanamfungia na amonia yake. Ziba upande mvua inakotokea tu, na masika huku mara nyingi inakuja imebebwa na kusi, inaingia kwa ubavu, mbele paache wazi.

Haya, saa tisa usiku.

Ukiamua alale nje hapa ndo pa kufikiria sana kuliko hata joto, kwa sababu joto unaliona. Nilikuwa naogopa wezi, kumbe wezi ni wa mwisho kwenye foleni. Kuna paka shume, ambaye hawezi kuingia lakini anapitisha mkono na sungura kwa woga anakimbilia upande wa paka badala ya kuukimbia. Kuna mbwa wa kuzurura, kuna nguchiro, kuna kanu. Na kuna siafu. Siafu kwa mnyama aliyefungiwa ni kitu ambacho sitaki kukieleza, jirani yetu walimwingilia banda usiku mmoja wa mvua, kuku na sungura, asubuhi ilibaki kuzoa. Mnyama aliye huru anakimbia siafu, aliyefungiwa komeo anasubiri.

Ule waya wa kuku wa matundu makubwa unazuia kuku asitoke, hauzuii kitu kuingia, mbwa anauchana kwa meno. Tafuta wayameshi mgumu uliochomelewa, tundu nusu inchi, nyoka mkubwa hapiti, mkono wa paka haupiti. Miguu ya banda isimamishe kwenye makopo yenye oili chafu, gereji yoyote watakupa, siafu hawavuki. Maji matupu usiweke utafuga mbu. Na banda lisiguse ukuta wala tawi, maana siafu hawana haja ya mguu wa banda kama kuna daraja. Fundi wangu wa pili alitaka tutumie milingoti ya mkonge kwa fremu, ni myepesi na huku kwetu imejaa, nilikataa, ni laini mno, atamaliza kuiguguna kabla ya Idi. Ukimwacha kwenye uzio chini bila banda, kumbuka ukoo wake, atachimba, wayameshi uzamishe ardhini futi moja na nusu hivi au uutandaze chini kabisa ufukie na mchanga.

Ukubwa sasa. Uingereza kuna wanaotetea ustawi wa sungura wanasema sehemu yake iwe angalau mita 3 kwa 2, kimo mita 1. Nilipomwambia mama watoto akacheka mpaka akakaa, maana hicho ni chumba, kuna watu hapa Tanga, mtaa wa Ngamiani, wanapanga chumba kama hicho familia nzima. Lakini hawakosei kuhusu sababu, sungura anayekaa kwenye tundu la kuku anadhoofika mifupa na uti wa mgongo. Kipimo changu ni cha mnyama mwenyewe: aruke mara tatu nne mfululizo bila kugeuka, asimame kwa miguu ya nyuma masikio yasiguse juu, alale kajinyoosha mzima. Kizimba kikipita hapo, na kila siku akafunguliwa masaa kadhaa, anaishi vizuri. Na sakafu isiwe waya mtupu, sungura hana vile vinyama laini chini ya mguu kama paka au mbwa, ana manyoya tu, kwenye waya kisigino kinachubuka kinaota kidonda na hicho kidonda kupona ni kazi. Weka ubao au mkeka uliochakaa sehemu kubwa.

Kumweka banda moja na kuku, ambako nusu ya watu hapa wanafanya kuokoa nafasi, mi nakataza. Kuku anadonoa, anamnyea kichwani, anaamsha vumbi, lakini kubwa zaidi ni chakula, baadhi ya dawa za kuzuia koksidia, vile vijidudu vinavyoharisha kuku, zinazochanganywa kwenye chakula cha vifaranga ni sumu kwa sungura, na yeye hataacha kuonja. Na wakiwa sungura wawili, ambao kweli wanapenda kampani, hakikisha jinsia na mtu anayejua sio muuzaji. Mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kubeba nyingine siku hiyohiyo aliyozaa, kwahiyo swali la akae wapi litakurudia wakiwa nane.

Kwetu saivi tumefika hapa: kizimba kipo kona ya korido, mchana na usiku yuko humo, tukiwepo anafunguliwa. Saa kumi na moja jioni jua likishalegea binti yangu anambeba uani kwenye uzio mdogo ulio upande wa mashariki, anakula matembele na ukoka, anachimba, anaruka zile sarakasi zake za furaha, akisikia adhana ya magharibi wanarudi ndani. Ni saa zake hasa za kuchangamka kwahiyo hapotezi kitu. Lile banda la Julai bado lipo ukuta wa kusi, tumeweka ndizi. Kilichobaki ni yale makopo ya oili, mvua ya masika ikinyesha usiku yanajaa, oili inaelea inamwagika mchangani na siafu huwa wanatoka kipindi hichohicho, nimejaribu kuyafunika na vifuu vya nazi vilivyotobolewa, nusu vinashika maji.